Jinsi ya kupiga stori kwa data mtandaoni na mtu akaisoma mpaka chini

Kabla hujafungua programu yoyote ya kuchora chati, chukua simu mwandikie mshkaji wako meseji ya ulichokiona kwenye hizo namba, meseji moja tu, bila picha bila linki. Ikiandikika na akakujibu "we acha!" au "kivipi?" basi stori unayo. Ikitoka kitu kama "kuna takwimu za vifo vya watoto toka 1990 hadi 2022" hapo huna stori, una jedwali, na jedwali hata ulirembe vipi, liwe na rangi saba na vitu vinavyorukaruka, ni jedwali tu. Watu wengi wanaanza na chati alafu ndo wanatafuta cha kusema juu yake, ndo maana unakutana na kurasa zina chati kibao na ukishafunga hukumbuki hata moja.

Nitatumia mfano mmoja kwa sehemu kubwa ili tusipotezane. Makadirio ya Umoja wa Mataifa yaliyotolewa 2024 yanasema mwaka 1990, kwa kila watoto 1000 waliozaliwa hai duniani, 93 walifariki kabla ya kutimiza miaka 5. Mwaka 2022 wakawa 37. Meseji yake basi: "hatari ya mtoto kufa kabla ya miaka 5 imeshuka zaidi ya nusu toka 1990, lakini haijashuka sawa kila mahali." Hiyo inaandikika, na inamfanya mtu aulize wapi imegoma, kwa nini, na imebaki kiasi gani. Hayo maswali ndo mifupa ya ukurasa wako, yaandike pembeni kwanza.

Data yenyewe kwanza

Benki ya Dunia, mashirika ya Umoja wa Mataifa na tovuti ya Our World in Data wanatoa data bure, unashusha faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) unalifungua kwenye spredishiti yoyote, kama Excel. Pamoja na faili huwa kuna maelezo ya kila kolamu inamaanisha nini, na hayo ndo watu hawasomi. Yasome. Humo ndo utakuta kwamba namba ni makadirio na sio hesabu ya kichwa kwa kichwa, au kwamba nchi fulani ilibadilisha namna ya kuhesabu mwaka fulani, kwa hiyo ule mruko mkubwa ulioufurahia kwenye grafu ni mabadiliko ya fomu tu, hamna kilichotokea kwa watu.

Faili la asili usiliguse, fanya kazi kwenye kopi. Spredishiti zina kiherehere cha kugeuza vitu kuwa tarehe bila kukuuliza, na hili sio tatizo la wanaoanza peke yao, wanasayansi wa jeni liliwatesa miaka na miaka mpaka mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikatoa miongozo mipya, jeni iliyokuwa inaitwa SEPT1 ikawa SEPTIN1, MARCH1 ikawa MARCHF1, sababu mojawapo ikiwa ni hiyo hiyo ya majina kugeuzwa tarehe. Angalia pia sehemu ambazo data haikupatikana. Kuna wanaoacha wazi, kuna wanaoweka 0, kuna wanaoweka -99, na ukipiga wastani bila kucheki unapata jibu la ajabu alafu unalichapisha kwa kujiamini kabisa.

Alafu chora grafu chafu chafu haraka, za kuangalia mwenyewe tu. Usiamini wastani peke yake. Mwaka 1973 mtakwimu Francis Anscombe alitengeneza seti nne za data, kila moja ina pointi 11, zote wastani wa x ni 9, wastani wa y ni 7.5, na uhusiano kati ya x na y ni ule ule, kama 0.816 (1 ingekuwa mstari ulionyooka kabisa). Ukisoma namba unasema hivi ni vitu vya aina moja. Ukizichora, moja ni pointi zilizotawanyika kawaida kuzunguka mstari, ya pili ni mkunjo, ya tatu ni mstari ulionyooka na pointi moja imeruka juu huko, ya nne pointi zote zimesimama wima isipokuwa moja iliyokaa mbali ndo inavuta hesabu nzima. Stori nne tofauti, muhtasari mmoja.

Namba moja ina sura nyingi, chagua

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu kuliko kwenye rangi na fonti.

Rudi kwenye mfano wetu. 37 kwa 1000 ni sawa na kusema mtoto 1 kati ya 27. Mwaka 1990 ilikuwa kama mtoto 1 kati ya 11. Kwa idadi, mwaka 2022 ni watoto milioni 4.9, ukigawa kwa siku 365 unapata kama 13,400 kwa siku, ukienda mbele zaidi ni mtoto mmoja kila sekunde 6 hivi. Zote hizo ni kweli na zote zimetoka kwenye data ile ile, ila kila moja inampeleka msomaji kwake. Milioni 4.9 ni kubwa sana, mtu anaitikia kichwa anaendelea na safari. "1 kati ya 27" inashikika kwa sababu 27 ni watu wanaoenea darasa moja. "Kila sekunde 6" inashtua, inafaa sentensi ya kwanza, lakini kwa kulinganisha miaka ni mbaya kwa sababu idadi ya watoto wanaozaliwa nayo inabadilika, kwa hiyo vifo vinaweza kupungua kwa sababu watoto waliozaliwa ni wachache na sio kwa sababu mambo yamekuwa mazuri. Ukilinganisha miaka au nchi tumia kiwango, yaani kwa kila 1000, ukitaka mtu ahisi uzito tumia idadi. Na usimwage zote kwenye aya moja, mtu anachoka.

Alafu kuna mtego wa asilimia. 93 kwa 1000 ni asilimia 9.3, na 37 kwa 1000 ni asilimia 3.7. Imepungua kwa pointi 5.6 za asilimia. Pia imepungua kwa asilimia 60. Zote sahihi! Ila ukiandika "imepungua kwa asilimia 5.6" umekosea kabisa, na utaona kosa hili kila siku hata kwenye vyombo vikubwa vya habari. Anayetaka kukuza jambo atachukua ya 60, anayetaka kulididimiza atachukua ya 5.6, kwa hiyo njia salama ni kumpa msomaji mwanzo na mwisho, 93 mpaka 37, atajionea mwenyewe.

Wastani nao, hasa kwenye mambo ya kipato, unadanganya. Watu tisa wana kipato cha kawaida, anaingia tajiri mmoja, wastani unapaa na hakuna hata mmoja wa wale tisa aliyeongezewa hata senti. Hapo tumia namba ya katikati, ile unayoipata ukiwapanga wote kwa mstari ukamchukua aliyesimama kati.

Chati gani sasa

Mwaka 1984 William Cleveland na Robert McGill walipima watu wanavyosoma chati, na walichokiona mpaka leo ndo msingi: jicho linakadiria vizuri zaidi pale vitu vinapopangwa kwenye kipimo kimoja, linafuata urefu, linaanza kuyumba kwenye pembe, na kwenye eneo linayumba zaidi. Tafsiri yake ya mtaani ni kwamba nguzo na mstari vinasomeka, duara la vipande vipande linasomeka kwa shida, na viputo vya ukubwa tofauti ndo balaa. Ukizidisha upana wa kiputo mara mbili eneo lake linakuwa mara nne, na msomaji hajui wewe ulikuwa unamaanisha upana au eneo.

Kwa hiyo kitu kinachobadilika kwa muda, mstari. Kulinganisha vitu, nguzo, tena za kulala ili majina yasomeke bila mtu kupinda shingo. Duara liache labda kama una vipande viwili au vitatu, na hata hapo mi huwa najiuliza kwa nini sentensi isingetosha.

Nguzo lazima zianzie sifuri, hili halina mjadala. Chukua 93 na 37, chora nguzo mbili alafu mhimili, yaani ule mstari wa vipimo pembeni, uanzie 30. Nguzo ya kwanza itakuwa na urefu wa 63, ya pili urefu wa 7, yaani kwa macho moja ni mara tisa ya nyingine wakati ukweli ni mara mbili na nusu. Hujabadilisha namba hata moja na umeshadanganya. Grafu ya mstari haibanwi hivyo kwa sababu hapo watu wanasoma mteremko, ya joto la mwili ukiianzisha sifuri utapata mstari umelala na homa haionekani, ila andika mhimili unaanzia wapi.

Kichwa cha chati kiseme kilichoonekana. "Vifo vya watoto chini ya miaka 5, 1990-2022" ni jina la faili hilo. Andika "Mwaka 1990 alikufa mtoto 1 kati ya 11, mwaka 2022 ni 1 kati ya 27", alafu maelezo ya kipimo yakae chini kwa herufi ndogo. Majina ya mistari yaandike kwenye mistari yenyewe pale inapoishia, kile kiboksi cha rangi pembeni kinamlazimisha mtu aende arudi aende arudi. Na kama una nchi 190 usizipe rangi 190, zote zipake kijivu, ile unayoizungumzia tu ndo iwe na rangi. Kijivu ndo rangi muhimu kuliko zote kwenye kazi hii, sitanii.

Kuna wanaovunja sheria vizuri lakini. Mwaka 2018 mwanasayansi wa hali ya hewa Ed Hawkins alitoa michirizi ya rangi, kila mchirizi mwaka mmoja, bluu ukiwa wa baridi na nyekundu ukiwa wa joto, hamna namba hamna mhimili, na dunia nzima ikaelewa. Ilifanya kazi kwa sababu alikuwa na jambo moja tu la kusema na rangi zile zinamaanisha hivyo hivyo kwa kila mtu.

Ramani isiwe mazoea

Data ikiwa na kolamu ya nchi, mkono unakimbilia ramani. Subiri. Kwenye ramani nchi kubwa inapiga kelele hata kama ina watu wachache, na ramani nyingi za mtandaoni zinatumia mchoro wa Mercator ambao unavimbisha sehemu za karibu na ncha za dunia, Greenland inaonekana inakaribiana na Afrika wakati Afrika ni kubwa kama mara 14. Ramani ifae pale ambapo mahali ndo jibu la swali.

Kama kwa daktari John Snow, London, 1854. Kipindupindu kimelipuka mtaa wa Soho, wakubwa wanaamini kinaletwa na hewa chafu, yeye anashuku maji. Aliweka alama nyeusi kwenye ramani kwa kila kifo, zikarundikana kuzunguka pampu ya Broad Street. Wengi wanaisimulia mpaka hapo tu, mi naona utamu uko kwa wale wasiofuata mkumbo. Karibu na pampu kulikuwa na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70 na hakuna aliyekufa kwa kipindupindu, kumbe walikuwa wanapewa bia na kiwanda kina kisima chake. Nyumba ya kutunzia maskini hapo hapo mtaani ilikuwa na watu 535, wakafa 5 tu, nayo ilikuwa na kisima chake. Alafu kuna mjane aliyekuwa anaishi mbali kabisa, Hampstead, kipindupindu kimemuua yeye, na Snow alipofuatilia akaambiwa huyo mama alikuwa anapenda ladha ya maji ya Broad Street mpaka analetewa chupa. Hizo pointi zilizokaa vibaya ndo zinamshika msomaji na ndo zinabeba hoja, kwa hiyo kwenye data yako tafuta mjane wa Hampstead. Usimfute kwa sababu anaharibu mstari.

Na uwe mkweli kama Snow mwenyewe. Mpini wa pampu ulitolewa tarehe 8 Septemba, lakini aliandika kwamba ugonjwa ulikuwa umeshaanza kupungua kabla ya hapo maana watu walikuwa wamekimbia mtaa. Angeweza kuandika "nikaondoa mpini, watu wakapona", ingesomeka vizuri zaidi hiyo, ila isingekuwa kweli. Kitu kimoja kutangulia kingine hakumaanishi ndo kimekisababisha.

Kuipanga iende na kidole

Mtandaoni mtu anasoma kwa kuskroli, kwa hiyo panga stori kwa skrini, sio kwa aya. Njia inayotumika sana ni chati kubaki imesimama pale pale, maneno yanapita juu yake, na kila aya inapofika chati inabadilika kitu KIMOJA. Mfano wetu ungekuwa hivi. Skrini ya kwanza, mstari mmoja wa dunia, 93 mpaka 37, maneno mawili matatu. Ya pili mstari ule ule unafifia kuwa kijivu, inatokea Afrika kusini mwa Sahara ambayo mwaka 2022 ilikuwa 71. Ya tatu inaongezeka mistari ya maeneo mengine kwa rangi nyepesi ili mtu aone umbali uliopo. Ya nne unachora mstari wa kulala kwenye 25, hilo ndo lengo la Umoja wa Mataifa ambalo kila nchi ilitakiwa kufikia au kushuka chini yake ifikapo 2030, alafu unaacha nafasi tupu kati ya 2022 na 2030. Hiyo nafasi tupu inaongea kuliko aya. Baada ya hapo ndo unaingia kwenye sababu, chanjo, malaria, kuhara, vifo vya wiki za kwanza za uhai, na hapo watu wenyewe waliohusika wanaweza kuingia kwa maneno yao.

Kabla hujaonyesha mstari unaweza kumwambia msomaji akisie. Weka 1990, mwache avute kidole achore anavyodhani iliendelea, alafu onyesha ukweli. Mtu akishakisia amejiweka rehani, lazima asubiri jibu. Ila tumia mara moja, ukirudia inakuwa mtihani.

Kama kuna kitu kinatembea kwenye chati, mfundishe mtu kuisoma kabla hakijatembea. Hans Rosling, daktari wa Sweden aliyependa takwimu, mwaka 2006 jukwaani kwenye mkutano wa TED alikuwa na viputo vya nchi vinavyoogelea, watu wanakumbuka viputo, lakini cheki alivyoanza: alisimama akaeleza mhimili huu ni nini na ule ni nini, kiputo ni nchi, ukubwa wake ni watu, ndo akaruhusu miaka iende. Bila yale maelezo ingekuwa mapovu tu.

Zana usihangaike nazo sana. Datawrapper na Flourish hazihitaji uandike programu na zinatosha kwa kazi nyingi. D3, laibrari (msimbo ulioandikwa tayari) ya kuchorea chati, ipo toka 2011 na inafanya karibu chochote ila utajifunza JavaScript, lugha ya programu za kurasa za mtandao, na utalia kidogo, ya kuskroli kuna laibrari inaitwa Scrollama. Anza na rahisi.

Simu ndo skrini halisi. Kwenye simu hamna mshale wa mausi, kwa hiyo ile namba uliyoificha mpaka mtu apitishe mshale haipo kwa wasomaji wengi, na mimi nachukulia kwamba vitufe vyote havitabonyezwa, jambo kuu lionekane bila mtu kugusa kitu. Chati pana zigeuze ziwe ndefu. Michoro ya mistari ihifadhi kwa SVG (aina ya faili linalotunza mistari yenyewe, sio nukta za picha), inabaki kali na nyepesi, lakini ukiwa na maelfu ya pointi SVG inakwama, hapo tumia canvas (sehemu ya ukurasa inayopakwa rangi nukta kwa nukta) au picha ya kawaida. Faili za mipaka ya nchi ni nzito mno, zipitishe kwenye Mapshaper, zana ya kurahisisha mipaka, zipungue, hakuna atakayehesabu kona za visiwa.

Rangi, usitegemee nyekundu na kijani kutofautisha vitu, kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini kama 1 kati ya 12 hatofautishi rangi hizo vizuri. Maandishi yatofautiane na mandhari yake angalau kwa uwiano wa 4.5 kwa 1, kuna tovuti za kupima bure. Kwenye kila chati weka maelezo ya maandishi kwa anayesomewa na programu, na yaseme matokeo, "grafu ya mstari" peke yake haimsaidii mtu. Na kama simu ya msomaji imewekwa ipunguze vitu vinavyotembea, heshimu hilo, onyesha picha iliyotulia.

Kabla hujaposti

Mpe simu mtu asiyejua unafanya nini, mwache aangalie kwa sekunde chache, ichukue, muulize ameona nini. Usimsaidie, usimwambie "ile ya juu je". Akikurudishia ile meseji ya mwanzo, hata kwa maneno yake, posti. Akianza kusifia rangi, rudi kwenye kichwa cha chati, mara nyingi ugonjwa uko hapo.

Chini ya kila chati andika data imetoka wapi, ulishusha lini, na weka linki ya faili ili anayebisha ahesabu mwenyewe. Tarehe ya kushusha ina kazi yake, maana makadirio kama haya ya vifo vya watoto yanatolewa upya mara kwa mara na yanaporekebishwa yanarekebishwa mpaka nyuma, yaani hata ile 93 ya 1990 inaweza kusogea kwenye toleo jipya. Kwa hiyo mwakani ukitaka kuongeza mwaka mmoja usibandike namba mpya mwisho wa faili la zamani, utakuwa umeunganisha matoleo mawili na ule mruko utakaouona pale kwenye kiungio umeutengeneza wewe. Shusha mfululizo wote upya, chora upya, alafu rudi ucheki kama "1 kati ya 11" kwenye kichwa cha chati bado inasimama.